Asilimia Sabini na Moja

Haikoromi, haitoi moshi, haionyi.
Wanasema dalili ya mvua ni mawingu;
hii hunyesha mbingu zikiwa nyeupe:
sitini na tisa, sabini, sabini na moja,
kisha pu! kioo cheusi,
na feni zinashusha pumzi
kama mtu aliyeketi ghafla.

"Barua inaandika," asema Bi Zdenka. "Karata tunacheza.
Hata mjukuu wangu wa Maribor naongea naye saa nzima, uso kwa uso.
Ni pango tu. Nikiipa pango, inazimia."

Pango ni picha elfu nne mia mbili na kumi na tatu
alizopiga marehemu Srečko chini ya vilima vya Cerknica,
viangazi vitatu, matope mpaka kiunoni.
Programu huzishona nukta kwa nukta
mpaka jiwe lisimame, ufa uwe ufa,
nawe ulizunguke ukiwa jikoni na kikombe chako.
Mzigo huo, hata mimi ningeanguka.

Nafungua ubavu. Bisibisi, brashi, tochi mdomoni.
Manyoya ya paka, ya kijivu, tele.
"Ya Muri," asema. "Alikufa Februari."
Sijui niyatupe au nimkabidhi.
Anayapokea, anayatia mfukoni mwa aproni.

Nashuku joto kwanza; kila fundi hushuku joto.
Napangusa gundi iliyokauka juu ya kichakataji,
napaka mpya, kiasi cha punje ya dengu.
Nyuzi sitini na nne. Baridi kama hakimu.
Inaanguka.
Nashuku kumbukumbu. Nachomoa vibao vyote vinne,
nakirudisha kimoja kimoja, nakihoji usiku kucha
kama shahidi aliyetengwa na wenzake:
vyote neno moja, vyote visafi.
Inaanguka.
Kadi ya picha nayo naichomoa, naisafisha meno,
naichomeka tena kwa adabu.
Inaanguka kwenye sabini kamili, kwa dharau.

Siku ya tatu mvua. Ziwa limerudi mashambani
kama lifanyavyo kila vuli, bila hodi.
Nimekaa sakafuni, mkono juu ya kisanduku cha umeme
kwa kuwa hakuna pengine pa kuuweka,
na mkono ndio unaojua.
Nakifungua, nakipima kiganjani:
chepesi kama ganda la yai.
Lebo yatangaza wati mia sita na hamsini.
Ndani, kapasita mbili zimevimba vichwa,
waya mwembamba kama uzi wa vifungo.
Kwa barua kilikuwa nacho, kwa karata kilikuwa nacho.
Kikiombwa kweli, hakina.

"Alidanganywa," nasema, na papo hapo najuta.
Bi Zdenka anaitazama lebo kitambo.
"Hakudanganywa. Alijua bei.
Mwaka ule alininunulia viatu vya theluji."

Natia kipya, kizito, cha kuchosha mkono.
Saa tisa na robo usiku: sabini na moja.
Hatusemi kitu.
Sabini na mbili.
Ameshika ukingo wa meza
kana kwamba meza ndiyo inayobeba.

Mia.

Programu hufuta kila kinachotembea:
popo, matone, watu. Hubakiza kilichotulia.
Lakini Srečko, ili mtu ajue ukubwa wa ukumbi,
aliisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu
akaenda kusimama kando ya nguzo,
kimya, mara nyingi mno.
Amebaki: buti moja, nusu ya goti,
kofia ya chuma isiyo na uso chini yake.

Bi Zdenka anaizungusha kipanya taratibu,
anamwendea kwa nyuma, anainama.
"Buti hilo nililishona mimi," asema,
ananionyesha kwa kidole uzi mwekundu kisiginoni.
Naona ukungu wa nukta za kahawia.
Nasema nauona.